Kona ya Dada: Kadi mbili za kweli zinaishinda moja ya miujiza

Wadogo zangu wa Nakivale, mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, nyinyi mnaoning'iniza kamera shingoni kila Jumamosi, kona ya leo ni yenu. Maswali yenu yamenifikia kwa sauti tofauti, lakini yakikamuliwa yote yanabaki moja: “Dada, nimepata kamera, Canon 600D ya mtumba. Mjini Mbarara nimeonyeshwa memori kadi ya GB 512, na bei yake ni sawa na ya GB 32 iliyo dukani. Niichukue?”

Usiichukue, mdogo wangu. Hilo ndilo jibu fupi. La refu linahitaji ukae chini, maana nisipokueleza sababu, wiki ijayo utaonyeshwa ya TB 2 na utanisahau.

Kwetu hapa kamera ni kazi. Ni harusi, mahari, ubatizo, mahafali ya watoto, maziko, na ile siku ya kuiaga familia iliyopata safari ya Canada au Marekani. Makazi haya ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 kuwapokea Wanyarwanda, na tangu hapo wamefika Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, wengi wao wakiwa na nguo walizovaa tu. Mama aliyeiacha albamu yake ukutani Bukavu au Bujumbura anapokulipa umpigie picha za harusi ya binti yake, anaanza albamu upya. Zikipotea, huwezi kumwambia bibi harusi arudi kanisani wiki ijayo. Ajabu ni kwamba mtu huhangaika miezi mingi kutafuta pesa ya kamera na lenzi, halafu akifika kwenye kadi, pale hasa picha zinapokaa, ndipo anapoanza kubana shilingi.

Isome kamera kabla ya kwenda dukani

Fungua kifuniko cha sehemu ya kadi, utazame alama iliyochapwa pale au kwenye kijitabu cha kamera. Kadi za SD zinafanana kwa umbo, zote zina urefu wa milimita 32 na upana wa 24, lakini vizazi vyake ni tofauti. Zilizoandikwa SD peke yake zinaishia GB 2. SDHC, zilizotoka mwaka 2006, zinafika GB 32. SDXC, za mwaka 2009, zinaanzia juu ya GB 32 na kufika TB 2. Sheria yake ni rahisi: kamera mpya inasoma kadi ya zamani, ila kamera ya zamani haisomi kadi mpya. Ukiona kamera ina alama ya SDHC tu, ukaiwekea kadi ya GB 64, itakuambia kadi haifai, nawe utamlaumu muuzaji bure.

Hiyo 600D ya 2011 inakubali vizazi vyote vitatu, kwa hiyo hapo uko salama. Wenzako wengine mnaletewa kamera za mtumba za zamani zaidi. Kabla ya kulipa, tazama mdomo wa kadi. Baadhi ya Olympus na Fujifilm za zamani hutumia kadi iitwayo xD, na Sony nyingi za zamani hutumia Memory Stick. Kamera inaweza kuwa nzuri kabisa na bei ikawa ya kutupa, lakini kama kadi yake utaitafuta Mbarara nzima hadi Kampala usiipate, umenunua pambo la kabati. Zile za CompactFlash, kadi nene zenye matundu mengi pembeni, bado zinafanya kazi vizuri. Mulika tochi ndani ya tundu uhakikishe hakuna pini iliyopinda.

Kuna pia ndugu yake mdogo, microSD, ile ya simu, inayoingia kwenye kamera kwa kuvalishwa adapta. Inafaa kwa dharura. Kwa kazi ya kulipwa, chukua SD kamili. Kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa vumbi kuingia na umeme kukatika katikati ya kuandika faili, na vumbi la barabara zetu mnalijua.

Ukubwa: piga hesabu ya kazi yako

Watu hununua GB kwa kuogopa. Chukua kalamu. Kwa 600D, picha moja ya JPEG ya ukubwa wa juu ni kama megabaiti 6.4. Kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya picha 4,000 za namna hiyo. Ukipiga kwa RAW, picha moja ni karibu megabaiti 25, na kadi ile ile inabeba kama 1,200. Video ya Full HD inakula kama megabaiti 330 kwa dakika, kwa hiyo GB 16 ni kama dakika 44, na GB 32 ni karibu saa moja na nusu. Betri yako inaweza kuzima kabla kadi haijajaa.

Hapo pana jambo linalowachanganya wengi. Kwenye 600D, video ikifika GB 4 kamera inaacha kurekodi yenyewe. Hiyo ni kama dakika 12. Si ugonjwa wa kadi, na kununua kadi kubwa hakutaponya kitu. Kamera imetengenezwa kutovuka GB 4 kwa faili moja. Unachotakiwa ni kuibonyeza tena. Kwa hiyo mchungaji akianza mahubiri, usiiache kamera kwenye miguu yake mitatu ukaenda kunywa soda. Jizoeze kukata mwenyewe pahali pa kupumua, kwaya inapokaa au kabla ya kiapo, ili isije ikakukatia pete ikiwa hewani.

Usishtuke pia ukiona kadi ya GB 32 inaonyesha 29.8 kwenye kompyuta, au ya GB 64 inaonyesha 59.6. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Kwa hesabu hizo, ushauri wangu kwa mpiga picha wa harusi mwenye kamera ya aina hii ni kadi mbili za GB 32, au mbili za GB 64 akiwa na video nyingi. Mbili, mdogo wangu. Kadi moja ikifa, umepoteza kanisani au ukumbini, hujapoteza vyote.

Mwendo: usidanganywe na namba kubwa

Shika kadi mkononi, igeuzie kwenye mwanga. Utaona namba imekaa ndani ya duara lililo wazi kama herufi C: 4, 6 au 10. Hiyo ni ahadi ya kuandika angalau megabaiti 4, 6 au 10 kwa sekunde bila kushuka. Namba ndani ya herufi U ni 1 au 3, maana yake megabaiti 10 au 30. Na V ikifuatiwa na 10, 30, 60 au 90 ni ahadi hiyo hiyo kwa ajili ya video. Namba ya Kirumi, I au II, inaeleza aina ya njia ya kupitishia data. Ukiona A1 au A2, hiyo inawahusu wanaoendesha programu za simu kutoka kwenye kadi. Kwa kamera isikutoe shilingi ya ziada.

Ile namba kubwa iliyochapwa mbele, tuseme 150 au 170, mara nyingi ni mwendo wa kusoma, yaani kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Mwendo wa kuandika, ambao ndio kamera inahangaika nao, kwa kawaida ni mdogo zaidi. Sasa linganisha: video ya 600D inahitaji kama megabaiti 5.5 kwa sekunde, na Canon wenyewe wanashauri kadi ya daraja la 6 kwenda juu. Kadi ya kweli yenye 10 ndani ya C inakutosha. Mwenye kamera mpya inayopiga 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde anahitaji megabaiti 12.5, basi achukue V30 apumue. V90 muachie mwenye kamera inayoijua. Kwenye kamera yako itatembea kwa mwendo wa kamera yako, na pesa yako imekwenda.

Kadi feki inavyokula harusi

Turudi kwenye ile GB 512 ya miujiza. Ndani ya kadi kuna sehemu inayohifadhi na kijichipu kinachosimamia. Kamera haihesabu nafasi yenyewe. Inamuuliza msimamizi, naye anajibu. Tapeli anachukua kadi yenye GB 8 au 16 za kweli, anamfundisha msimamizi aseme 512, kisha anaichapa jina kubwa la kampuni maarufu. Mnaolijua debe la sokoni lililoinuliwa kitako, ni mchezo ule ule.

Ubaya wake ni kwamba haikatai mwanzoni. Ukiijaribu dukani kwa picha tatu, zinatoka safi. Bibi harusi akijipamba, safi. Kanisani, safi. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi inaendelea kusema “nimepokea” huku inazimwaga picha mpya au inaandika juu ya zile za mwanzo. Majina ya faili yote yapo kwenye orodha, hata idadi inalingana. Ukifungua nyumbani, unakuta picha nusu yake ni kijivu, au video isiyocheza. Hakuna fundi wa kurudisha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kadi inayokufuata stendi kwenye kisanduku cha mkononi pamoja na chaja na miwani, iogope. Nenda kwenye duka lenye mlango, litakalokuwepo na kesho, na udai risiti iliyoandikwa aina na ukubwa wa kadi. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji waziwazi: “Nitaijaribu nyumbani, isipofika ukubwa wake, nairudisha.” Mwenye bidhaa nzuri atakubali. Anayeanza kukasirika amekujibu. Kuhusu bei, uliza duka tatu. Kadi ikiwa chini mno kuliko zote, mtu fulani ndani ya bei hiyo anadanganya. Chapa iliyopinda, maandishi ya paketi yenye makosa na kukosekana kwa namba nyuma ya kadi ni dalili, lakini zipo feki zilizochapwa vizuri kuliko halisi. Macho pekee hayatoshi.

Ijaribu kabla haijaingia kazini

Jaribio lenyewe ni kuijaza kadi yote, kisha kuisoma yote. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ndogo ya bure, H2testw, iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani, c't. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Unachagua kadi, unaiambia ijaze nafasi yote, halafu inasoma ilichoandika na kukuambia gigabaiti ngapi zimerudi sawa. Tumia kadi tupu, na uwe na subira. Kadi ya GB 64 inayoandika kwa megabaiti 20 kwa sekunde itachukua kama dakika 53 kujaa, na kusoma ni muda mwingine. Hakikisha sola au betri ya laptopu inaweza kustahimili hadi mwisho. Mkiwa wapiga picha wanne, jaribuni kadi zenu siku moja kwa laptopu moja.

Huna kompyuta? Kamera yenyewe inaweza kukusaidia. Weka betri iliyojaa, washa video, elekeza kamera barabarani au sokoni kwenye watu na boda zinazopita. Usifunike lenzi, kwa sababu giza linakula nafasi ndogo na kadi itachelewa kujaa. Rekodi hadi iseme imejaa, ukibadilisha betri inapobidi. Kisha tazama ya kwanza, za katikati na ya mwisho, kila moja mwanzo na mwisho wake. Zote zikicheza bila kukwama, ifomati ndani ya kamera uandike jina lako kwa kalamu isiyofutika. Ikikwama hata moja, irudishe na risiti yako.

Siku yenyewe ya harusi

Asubuhi, fomati kadi zote mbili ndani ya kamera itakayozitumia, si kwenye kompyuta, lakini baada ya kuhakikisha kazi ya wiki iliyopita imehifadhiwa sehemu mbili. Kadi ya kwanza ni ya maandalizi na kanisani au msikitini. Mkitoka, ibadilishe hata kama haijajaa. Zima kamera, subiri kitaa chekundu kizime, ndipo ufungue kifuniko. Kadi nyingi hufa hapo, kwa mkono wenye haraka na betri iliyobaki mstari mmoja.

Kadi iliyotumika isukume kile kidude cha pembeni kwenye LOCK, uitie kwenye kisanduku chake, na kisanduku mfukoni pa mbele panapofungwa. Siyo mfuko wa nyuma unaoukalia, siyo mkoba wa shemeji. Na usikae kufuta picha moja moja wakati sherehe inaendelea, kidole kinateleza.

Kidude hicho cha LOCK kina kazi nyingine. Ukipeleka kadi kusafishiwa picha kwenye duka lenye kompyuta ya wote, ifunge kwanza. Kompyuta inaweza kusoma, lakini kwa kawaida haitaandika juu yake, hivyo virusi vya kugeuza mafaili kuwa shotikati havitapata pa kukaa. Kikivunjika na kamera ikadai kadi imefungwa, bandika kipande chembamba cha seloteipu pale kilipokuwa. Kadi itafunguka, uokoe kazi yako, kisha ununue nyingine.

Ikitokea umefuta au umefomati kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo. Toa kadi, usiiandikie kitu. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha, picha zenyewe hubaki hadi zitakapoandikiwa juu. Programu ya bure iitwayo PhotoRec huzirudisha nyingi, mradi unazihifadhi kwenye diski nyingine, si kwenye kadi ile ile.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, nakili. Nakala moja kwenye laptopu au diski, nyingine kwenye fleshi itakayokaa nyumba nyingine. Ambaye hana laptopu anaweza kununua kisoma kadi kinachochomekwa kwenye simu, ahamishie hapo zile zilizo muhimu. Google inatoa GB 15 za bure kwenye akaunti. Zitumie kwa picha za kiapo na za familia unapopata intaneti ya bei nafuu. Kadi si sanduku la kuhifadhia miaka na miaka. Inashika picha kwa chaji ndogo sana ya umeme, na chaji hiyo huvuja pole pole.

Nyuso za watu ni amana

Neno la mwisho ni zito kidogo. Baadhi ya jirani zetu hapa walikimbia watu wanaowatafuta. Sura yao kwenye kadi yako ni siri yao. Kwa kuwa picha iliyofutwa inaweza kurudishwa, kadi unayoiuza au kuiazima bado ina watu ndani yake. Kabla haijatoka mkononi mwako, ifomati kwa kina. Canon nyingi zina kisanduku cha kuchagua hivyo kwenye menyu ya kufomati. Au ijaze tena kwa H2testw. Kadi iliyoharibika usiitupe jalalani, ikate vipande. Na kabla ya kuweka picha ya mtu mtandaoni, muulize. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na mkimbizi naye anamo ndani yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu mwenye 600D, iache hiyo GB 512 iendelee kujitembeza. Nunua SD mbili za GB 32, daraja la 10, dukani, kwa risiti. Zijaribu zote hadi mwisho kabla ya Jumamosi. Kama pesa inatosha moja tu kwa sasa, nunua moja ya kweli, uazime ya pili kwa mwenzako siku ya kazi, na malipo ya harusi hiyo yaanze kwa kununua ya pili kabla hujafikiria lenzi mpya.